Ua la Uani Laweza Kuua

Jamaa nyingi za Kolwezi hazina ukuta mrefu wala mlinzi wa kulipwa, zina mbwa. Mchana hulala kivulini, na watoto humvuta masikio asiwaume. Usiku huamka kwa kishindo kidogo tu, akabweka mpaka baba wa nyumba atoke na taa. Ndiye askari wa maskini, asiyedai mshahara ila makombo ya bukari.

Tena jamaa hizo hizo hupenda maua. Nyumba ikiwa na chumba kimoja tu, mbele yake utaona mti wa maua, na mama wa nyumba huumwagia maji aliyooshea vyombo. Si vibaya hata kidogo. Nyumba yenye maua humpendeza mgeni na kuwafurahisha watoto.

Basi leo twataka kuuliza swali ambalo wengine wataliona dogo: je, maua hayo na mbwa huyo vyaweza kukaa salama katika kiwanja kimoja? Hasa twataka kueleza habari ya mti mmoja, ule ambao kwa Kifaransa huitwa laurier-rose, na ambao sisi hapa tutauita oleanda. Jibu letu twalitoa tangu mwanzo, ili yeye asiyepata nafasi ya kusoma mpaka mwisho asikose faida: mti huu si salama kwa mbwa. Majani, maua, mbegu, maganda, mizizi na utomvu wake, vyote vina sumu. Lakini yapo mambo ya kufanya, na upo ugomvi mkubwa wa majirani unaoweza kuzuiwa kwa kuyajua haya. Kwa ajili hiyo tumeona vema kuandika zaidi.

Mti wenyewe

Kwanza tuujue mti, maana adui asiyejulikana hakwepeki. Oleanda ni mti mfupi, wenye matawi mengi yanayotoka chini, urefu wake mara mbili ya mtu au zaidi. Majani yake ni marefu na membamba kama ncha ya mkuki, magumu kama ngozi, na katikati ya kila jani pana mstari mweupe ulionyooka. Mara nyingi majani huota matatu matatu kwenye fundo moja la tawi. Maua huwa ya rangi ya waridi, meupe au mekundu. Asili yake ni nchi zilizo kando ya bahari ya Mediterania na kuendelea mpaka Asia, ambako huota hata penye mawe ya mito iliyokauka. Kutoka huko watu wameupeleka karibu duniani kote.

Unao pia jamaa yake mwenye maua ya njano kama kengele ndogo, na matunda ya kijani yenye kokwa ngumu ndani. Huyo naye ana sumu ya namna hiyo hiyo, na mbegu zake ndizo mbaya kupita yote. Kwa hiyo tunayoyasema juu ya oleanda, msomaji ayachukue kuwa yanauhusu na huo wa njano.

Kwa nini watu waupenda? Kwa sababu ni mti mvumilivu. Katika nchi yetu ya Lualaba mvua hukoma yapata mwezi wa Mei, na miezi ya kiangazi hupita bila tone, mavumbi mekundu yakilala juu ya kila kitu. Oleanda husimama tu, majani mabichi. Haichagui udongo mzuri. Mbuzi wengi hupita kando yake bila kuigusa, kwa kuwa ni chungu, na mwenye nyumba hufurahi akisema, "Huu haushambuliwi na wanyama." Hajiulizi kwa nini.

Uvumilivu wa mti huu umesifiwa mbali. Katika mji wa Hiroshima, huko Japani, ulioteketezwa kwa bomu la atomiki mwaka 1945, oleanda zilichanua tena mapema juu ya ardhi ile iliyoungua, na baadaye watu wa Hiroshima walilichagua ua hili kuwa ua la mji wao. Sisi wa Katanga ya zamani twaweza kulikumbuka jambo hili kwa huzuni ya pekee, maana uraniamu iliyochimbwa Shinkolobwe ilitumiwa katika kazi ya kutengeneza mabomu yale. Ua lile limekuwa kwao alama ya matumaini, na sisi hatuwezi kulidharau. Lakini mti kuwa na nguvu ya kuishi ni jambo moja, na kuwa mpole kwa wanaouzunguka ni jambo jingine. Wazee wa pwani walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sumu inayokwenda moyoni

Habari ya oleanda na mbwa si mpya. Yapata miaka 1900 iliyopita, mganga Mgiriki jina lake Dioskoride aliandika kitabu kikubwa cha dawa za miti, akasema humo kwamba maua na majani ya mti huu huwaua mbwa, punda, na wengi wa wanyama wenye miguu minne. Katika hilo alisema kweli. Lakini aliongeza kwamba kwa binadamu mti huu ni dawa ya kuumwa na nyoka, ukinywewa pamoja na divai. Hapo alikosea sana. Sumu imwuayo mbwa ndiyo imwuayo mtu, wala hakuna atakayepona nyoka kwa kunywa oleanda.

Sumu hiyo yafanyaje kazi? Katika kila chembe ya mwili mna kitu kama pampu ndogo. Kazi yake ni kutoa nje madini ya sodiamu, yale yaliyomo katika chumvi, na kuingiza ndani madini ya potasiamu. Pampu hiyo ilitambuliwa mwaka 1957 na mtaalamu wa Denmark, Jens Christian Skou, naye alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1997. Kwa msaada wa pampu hizi moyo hupiga kwa mpango wake. Sumu ya oleanda, iitwayo oleandrini, huzikamata pampu hizo na kuzizuia. Hapo moyo huanza kukosa mpango: mara hupiga polepole mno, mara hurukaruka, mara husimama.

Watu wa hospitali wataona kwamba habari hii yafanana na ile ya digoksini, dawa ya wagonjwa wa moyo inayotokana na mti mwingine wa maua. Tangu mwaka 1785, daktari Mwingereza William Withering alipoandika habari za mti ule, waganga wamejua ya kuwa kipimo kidogo huponya na kipimo kikubwa huua. Basi oleanda uani ni kama chupa ya dawa ya moyo isiyo na kizibo wala kipimo, iliyowekwa chini mahali ambapo mbwa na mtoto hupita.

Je, mbwa hula majani?

Mtu ataleta neno: "Mimi nina oleanda miaka 10, na mbwa watatu wamezeeka mbele yake." Twaamini. Mbwa mzima mwenye akili zake huonja jani chungu na kulitema. Hatari huja kwa njia nyingine, nazo ni hizi.

Ya kwanza ni watoto wa mbwa. Mwana-mbwa anayeota meno hutafuna kila kitu: kiatu, kamba, ufagio, na tawi lililoanguka. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo hata kidogo kwake ni kingi. Ya pili ni mbwa aliyefungwa mnyororo siku nzima karibu na mti. Kwa uchovu na upweke hutafuna chochote kilicho karibu.

Ya tatu, na ndiyo isiyojulikana sana, ni matawi yaliyokatwa. Oleanda iliyokauka haipotezi sumu yake. Baba wa nyumba akipogoa mti na kuacha matawi chini, majani hunyauka, na mnyama aliyeyakataa mabichi aweza kuyala makavu, hasa yakichanganyika na nyasi au takataka za chakula. Mbuzi na sungura wako katika hatari hiyo zaidi ya mbwa, maana majani ndiyo chakula chao, na machache tu yatosha kuwaua. Ya nne ni maji. Maua yakiwekwa katika kopo la maji kupamba meza, kisha maji yale yakamwagwa katika bakuli la mbwa, sumu imekwisha kuingia humo.

Mbwa aliyekula huanza kutokwa na udenda na kutapika. Huharisha, pengine na damu. Tumbo humwuma. Kisha huwa mnyonge, miguu huwa baridi, hutetemeka, na ukimwekea mkono ubavuni utasikia moyo usio na mpango. Dalili zaweza kutokea baada ya saa chache, au zikakawia zaidi. Wengine hufa ghafula, kabla watu hawajajua kuwa ni wagonjwa.

Nani amemtia sumu?

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tuchukue mfano, msomaji aupime mwenyewe.

Kasulo ni mtaa wa Kolwezi uliojulikana mpaka nchi za mbali, si kwa maua. Mwaka 2014 watu waligundua kwamba chini ya nyumba zao mna madini ya kobalti, wakaanza kuchimba mashimo viwanjani, hata chini ya sakafu za vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji, na mamia ya jamaa zikahamishwa. Mahali kama hapo mtu humtazama jirani kwa macho mawili. Huyu amepata, yule hajapata. Huyu alikuja jana, yule ni mwenyeji. Neno dogo huwaka kama nyasi za mwezi wa Agosti.

Fikirini basi kwamba katika mtaa wa namna hiyo yupo baba mmoja mwenye mbwa mzuri na ua wa oleanda. Jumamosi anapogoa matawi na kuyarundika nyuma ya nyumba, pale mbwa anapolala. Siku hiyo hiyo mkewe amegombana na mama jirani kwa ajili ya maji machafu yanayopita kiwanjani. Asubuhi mbwa amelala chini, povu kinywani, amekufa. Watoto wanalia. Nani amefanya hivi?

Jibu laja upesi kuliko mawazo: "Ni yule mama. Jana alisema tutaona." Mwingine ataongeza kwamba wezi humwua mbwa kwanza, ndipo huingia nyumbani, kwa hiyo jirani anashirikiana na wezi. Mwingine atasema ni uchawi. Mpaka jioni mtaa mzima umekwisha kutoa hukumu. Watoto wa nyumba mbili hawachezi tena pamoja. Na lile rundo la matawi liko pale pale, halijatazamwa na mtu hata mmoja.

Hatusemi kwamba hakuna mtu mwovu awezaye kumtia mbwa sumu, wapo. Wala hatusemi kwamba kila mbwa atapikaye amekula oleanda. Kuna sumu ya panya aliyoikuta jalalani, kuna dawa ya wadudu, kuna nyoka, na kuna ugonjwa wa parvo unaowaua wana-mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Twasema hivi tu: kabla ya kulitaja jina la mtu, tazameni chini. Je, kuna matawi yaliyotafunwa? Je, katika matapishi mna vipande vya majani magumu yenye mstari mweupe? Je, nani alipogoa, na lini? Maswali haya matatu hayagharimu kitu. Jina jema la jirani likiisha kuchafuliwa, ni vigumu kulisafisha, hata ukweli ukijulikana baadaye.

Hata miti husingiziwa. Kuna ule mti ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu siku zinapokuwa fupi, uitwao poinsetia. Kwa miaka mingi watu wa Marekani waliuogopa kuwa ni sumu kali, kwa sababu ya uvumi kwamba mtoto mmoja alikufa huko Hawaii mwaka 1919 kwa kula jani lake. Habari ile haikuthibitishwa kamwe. Wataalamu wameona kwamba maziwa ya mti huo huwasha kinywa na pengine humtapisha mbwa, lakini ni nadra kuleta madhara makubwa. Yule anayeogopwa ni mpole, na yule anayesifiwa ndiye muuaji.

La kufanya mbwa akiugua

Ukimwona mbwa akitafuna oleanda, mwondoe hapo upesi. Kama ni mbwa wako unayemjua, naye ni mtulivu, toa majani yaliyobaki kinywani na kumsuuza kwa maji kidogo. Lakini ukimkuta mbwa anatokwa na udenda nawe hujui sababu, tena tabia yake imebadilika, usitie mkono kinywani mwake, maana kichaa cha mbwa nacho huanza hivyo, na ugonjwa huo kwa binadamu ukiisha kuonekana hauponi.

Usimlazimishe kutapika kwa kumnywesha chumvi. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Wengi hukimbilia maziwa au mafuta ya mawese. Vitu hivyo haviondoi sumu hii, na mbwa mnyonge akinyweshwa kwa nguvu aweza kuvipokea katika mapafu akafa kwa sababu hiyo. Wengine wamesikia kwamba makaa huvuta sumu, wakasaga makaa ya jikoni, yale tuyaitayo makala. Ni kweli waganga hutumia makaa, lakini ni makaa maalumu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya jikoni hayana nguvu ile.

Lililo jema ni hili. Mtulize mbwa, asikimbie wala kurukaruka, kwa kuwa moyo wake hauwezi. Mchukueni kwa mganga wa wanyama bila kungoja dalili, mkaenda na tawi la mti ili ajue anapigana na nini. Yeye aweza kumpa makaa ya dawa, na dawa za kuurudisha moyo katika mpango wake. Katika nchi zenye mali iko pia dawa maalumu inayoikamata sumu yenyewe ndani ya damu, ila bei yake ni kubwa mno. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo tumaini letu kubwa si dawa, bali ni kuzuia.

Tena, kama ni mtoto ndiye aliyetafuna jani au ua, msingoje hata dakika moja: hospitali, na tawi mkononi.

Mbwa akifa, mzikeni katika shimo la kina, msimtupe jalalani. Na matawi yaliyomwua yaondolewe siku ile ile.

Tung'oe au tuache?

Wengine watauliza kama ni lazima kuung'oa mti. Shauri letu ni hili. Nyumba yenye watoto wadogo, au wana-mbwa, au mbuzi na sungura wanaotembea uani, iung'oe, na mahali pake pandeni waridi, ambalo hatari yake ni miiba tu. Bugenvilea nayo yafaa kwa ua: itawachoma wezi zaidi kuliko itakavyomdhuru mbwa. Lakini nyumba ya watu wazima, yenye mbwa mzima asiyefungwa karibu na mti, yaweza kuuacha, mradi ishike masharti yafuatayo.

Pogoeni mti mkiwa mmefunika mikono, kisha nawieni kwa sabuni. Hesabuni matawi kama mnavyohesabu visu: lisibaki hata moja chini. Yafukieni ndani ya shimo, mahali ambapo mbwa hafukui. Msiyachome moto, hasa jikoni, maana moshi wake una madhara. Wala msitumie vijiti vyake kuchomea nyama. Msiwatupie mbuzi. Maji ya chombo cha maua yamwagwe mbali. Na mbwa afungwe upande mwingine wa nyumba, apate kivuli, maji safi na mfupa wa kutafuna, asije akatafuta tawi kwa sababu ya njaa.

Haya si mambo magumu kwa watu wa Kasulo. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi uliofanyika katika mtaa huo: walikuta kobalti nyingi katika damu na mkojo wa wakaaji, na kwa watoto zaidi. Watu waliokwisha kujifunza kwamba mavumbi yasiyo na harufu yaweza kumdhuru mtoto, watashindwaje kuelewa kwamba ua zuri laweza kumwua mbwa?

Nanyi wanafunzi, kazi yenu leo ni hii. Mkirudi nyumbani, zungukeni kiwanja. Tafuteni mti wenye majani matatu matatu, magumu, yenye mstari mweupe. Mkiuona, msiuguse, mwonyesheni baba na mama, na kuwaeleza mliyoyasoma. Kisha nendeni mkawaeleze na majirani, hasa wale ambao nyumba yenu haisalimiani nao sana. Huenda siku moja mbwa atakufa bila sababu kuonekana, na kwa ajili ya maneno yenu watu watatazama chini kwanza, kabla ya kunyoosha kidole.